Je, Wajua? Maisha na Kifo cha Vitu Ndani ya Programu

Programu yoyote inapoendeshwa huzaa vitu: maneno, orodha, picha, majedwali, viungo vya kuifikia hifadhidata. Kila kimoja hukaa mahali pake katika kumbukumbu ya kompyuta, na kumbukumbu ina mwisho. Anayeandika kwa lugha ya C huomba nafasi mwenyewe na kuirudisha mwenyewe. Akisahau kuirudisha, kumbukumbu inavuja. Akiirudisha mara mbili, programu inaweza kuanguka au kuharibu data. Lugha za skripti kama Python, PHP, Perl, Ruby, JavaScript na Lua zimemtua mzigo huo, kwani zina mzoa taka wao wa ndani. Kwa kuwa hafanyi kelele, wanafunzi wengi humaliza kozi nzima bila kuambiwa kwamba yupo. Hilo ni pengo kubwa, kwa sababu yeye ndiye anayeamua kitu gani kiishi na kipi kife, na maamuzi yake yana mambo ya kushangaza.

Je, wajua kwamba mzoa taka wa kwanza aliwahi kumkatiza mbunifu wake mbele ya wageni? Mbunifu huyo ni John McCarthy, aliyekuwa MIT nchini Marekani, muasisi wa lugha ya Lisp, ambaye aliieleza njia yake katika makala ya Aprili 1960. Programu inaachwa ichukue nafasi bila kurudisha chochote mpaka akiba iishe. Hapo kazi inasimama. Kompyuta inaanzia kwenye majina ambayo programu bado inayajua, inafuata kila njia inayotoka hapo, na kila kitu inachokifikia inakitia alama. Kisha inapita kumbukumbu yote, na chochote kisicho na alama kinarudishwa kwenye akiba. Kwa mashine za enzi hizo usafi huo ulichukua sekunde kadhaa, na McCarthy alionya kwamba usipookoa maelfu ya nafasi kila unapofanyika, programu itamaliza muda wake mwingi ikisafisha tu.

Baadaye alisimulia siku walipoionyesha Lisp kwa wageni kutoka viwandani, watu ambao chuo kilitaka sana kuwavutia. Wageni walikuwa ghorofa ya juu wakitazama kwa televisheni, naye yuko chini katika chumba cha mashine ya IBM 704, akizungumza kwa kipaza sauti na kuiuliza kompyuta maswali ya hesabu. Mambo yalikwenda vizuri, ingawa polepole. Ghafla mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta ikaanza kutoa taarifa kwamba mzoa taka ameitwa, ikifuatiwa na takwimu: maneno mangapi yametiwa alama, mangapi yameokolewa, na kadhalika. Walikuwa wameipanga itoe ukurasa mzima kila mara, kwa kuwa walijivunia uvumbuzi huo na kawaida yao ilikuwa kutumia printa ya kasi. Mashine hii ya siku hiyo ilichapa herufi 10 kwa sekunde. Wageni hawakuwa wameambiwa lolote juu ya mzoa taka. Ukurasa ule ulikula muda wote uliobaki, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu kwa kicheko. Kwenye mazoezi hayakutokea hayo. Tatizo ni kwamba baada ya mazoezi hawakuipakia Lisp upya, kwa hiyo waliingia kwenye onyesho na akiba iliyokwisha kuliwa nusu.

Kisa hicho kimebeba tabia ambayo wahandisi wamepambana nayo kwa zaidi ya miaka 60: mzoa taka wa aina hii huja saa asiyotarajiwa, na akija, kila kitu kinamsubiri.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa 1960 ilizaliwa njia nyingine kabisa, nayo ndiyo inayoendesha Python, Perl na PHP hadi leo? George Collins alipendekeza kila kitu kibebe namba inayosema kinashikwa na marejeo mangapi. Rejeo likiongezeka, namba inapanda; likiondoka, inashuka; ikifika sifuri, kitu kinaondolewa papo hapo. Hakuna kusimamisha kazi ili kupita kumbukumbu yote.

Tuitazame kwa karibu. Andika katika Python `bei = [500, 700]`, kisha `nakala = bei`. Wanafunzi wengi hudhani sasa kuna orodha mbili. Iko moja tu, yenye majina mawili, na mwanzoni mwa eneo lake katika kumbukumbu imeandikwa 2. Andika `del bei`: namba inakuwa 1, orodha ingali hai. Kumbe `del` haifuti kitu, inafuta jina. Sasa andika `nakala = None`. Namba inafika sifuri, na kabla mstari unaofuata haujaanza, orodha imekwisha kubomolewa na vilivyokuwa ndani yake vimepunguziwa hesabu kimoja kimoja. Ukitaka kuiona namba hiyo kwa macho, ipo funksheni ya `sys.getrefcount`, ila kwa kawaida itakujibu moja zaidi ya unavyotarajia. Kuuliza nako ni kushika: orodha inapopelekwa kwenye funksheni ili ihesabiwe, funksheni yenyewe huishika kwa muda.

Je, wajua kwamba orodha mbili tupu za Python zinaweza kuwa na anwani moja? Andika `id([]) == id([])` na utajibiwa kwamba ni kweli. Orodha ya kwanza inazaliwa, anwani yake inasomwa, na kwa kuwa hakuna aliyeishika inakufa hapohapo. Ya pili inazaliwa mahali palepale palipoachwa wazi. Ndiyo maana si busara kuhifadhi anwani ya kitu ukidhani ni kitambulisho chake cha kudumu. Mwenye anwani hiyo kesho anaweza kuwa mwingine kabisa.

Je, wajua kwamba njia ya kuhesabu marejeo ina upofu uliogunduliwa mapema? Mwaka 1963 Harold McBeth alionyesha kwamba vitu vikishikana kwa mzunguko, hesabu haifiki sifuri kamwe. Chukua mti wa ukoo ulioandikwa katika programu: mzazi ana orodha ya wanawe, na kila mwana ana rejeo kwa mzazi wake. Programu ikiusahau mti wote, mzazi bado anashikwa na wana na wana wanashikwa na mzazi. Kila mmoja ana hesabu iliyo juu ya sifuri, na hakuna anayewahitaji tena duniani. Wanabaki wamekalia nafasi.

Python iliishi na kasoro hiyo tangu ilipotolewa mwaka 1991 hadi toleo la 2.0, Oktoba 2000, lilipoleta mzoa taka wa mizunguko. Namna anavyowapata wafu wanaoshikana ni ya akili kiasi kwamba inastahili kuelezwa polepole. Anachukua kundi la vitu vinavyoweza kubeba vingine na kunakili hesabu ya kila kimoja kando. Halafu anafuata kila rejeo linalotoka kwa mmoja wa kundi kwenda kwa mwingine wa kundi hilohilo, na kila mara anapunguza moja kwenye nakala. Akimaliza, mwenye zaidi ya sifuri anashikwa na mtu wa nje, kwa hiyo anasalimika pamoja na wote wanaofikiwa kupitia kwake. Waliobaki na sifuri walikuwa wakishikana wenyewe kwa wenyewe. Hao ndio taka. Hakuhitaji kujua programu inaanzia wapi, kama njia ya McCarthy inavyodai. Alihitaji kutoa tu.

PHP ilisubiri mpaka toleo la 5.3, mwaka 2009, ikifuata njia ya watafiti David Bacon na V. T. Rajan. Perl 5 haijaweka mzoa taka wa mizunguko mpaka leo. Mwenye kuandika Perl analazimika kuligeuza rejeo moja la mzunguko kuwa rejeo dhaifu, yaani lile linaloelekeza bila kuongeza hesabu. Asipofanya hivyo, mzunguko unaishi hadi programu ifungwe.

Na je, wajua kwamba kwa skripti nyingi huko kuvuja hakudhuru lolote? Skripti inayopanga majina ya mafaili inaishi sekunde chache. Ikimalizika, mfumo endeshi unachukua kumbukumbu yake yote kwa mpigo mmoja. PHP imejengwa juu ya wazo hilohilo: kila ombi la mtembeleaji wa tovuti likikamilika, kilichotengwa kwa ajili yake hufagiliwa chote. Ndiyo sababu lugha hiyo iliweza kuendesha tovuti kubwa kwa miaka mingi huku mizunguko ikivuja. Matatizo hujitokeza pale skripti ileile inapofanywa kuwa huduma isiyozimwa, inayokesha siku baada ya siku ikipokea kazi. Uvujaji ambao jana haukuonekana, leo unaangusha seva saa nane za usiku.

Wakati mwingine hasara inatoka upande wa pili, yaani mzoa taka anafanya kazi bure. Desemba 2014 wasimamizi wa Composer, zana inayopakua na kupanga maktaba za PHP, waliongeza amri moja tu ya kumzima mzoa taka wa mizunguko. Watumiaji wengi wakaripoti kwamba muda umepungua kwa nusu na zaidi. Sababu ni hii: PHP ya wakati huo iliweka vitu inavyovishuku kwenye orodha yenye nafasi 10,000, na ikijaa, mzoa taka anaitwa. Composer ilikuwa ikiunda vitu vingi mno ambavyo vyote vilikuwa bado vinahitajika. Orodha inajaa, mzoa taka anakuja, anakagua yote, hapati kitu, anaondoka, na muda si mrefu anaitwa tena.

Je, wajua kwamba katika Python kusoma kitu ni kukiandika? Ukikitazama tu, hesabu yake inapanda na kushuka, na kule kupanda na kushuka ni kuandika kwenye kumbukumbu. Linaonekana jambo dogo mpaka uwe na seva nyingi. Seva ya kawaida inaanzisha mchakato mmoja mama, inapakia msimbo wote, kisha inazaa michakato mingi inayoshiriki kumbukumbu ya mama. Linux hainakili ukurasa wa kumbukumbu hadi mmoja wao auandike, na hapo ndipo akiba kubwa inapopatikana. Instagram, ambayo imeandikwa kwa Python, iliona kurasa zinazoshirikiwa zikipungua haraka mno baada ya michakato kuzaliwa. Wahandisi wake walidhani kosa ni la hesabu za marejeo. Walipopima wakakuta aliyekuwa akigusa kila kitu ni mzoa taka wa mizunguko, kwa kuwa naye huandika kumbukumbu zake pembeni ya kila kitu anachokikagua. Januari 2017 wakaeleza hadharani kwamba wamemzima, na kwamba programu yao sasa inafanya kazi kwa ufanisi zaidi kwa asilimia 10. Kutokana na kazi hiyo Python 3.7 ya mwaka 2018 ikapata amri ya `gc.freeze`, inayomwambia mzoa taka asiviguse vitu vilivyopo tayari.

Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Tangu Python 3.12, iliyotoka Oktoba 2023, vipo vitu visivyokufa. `None`, `True`, `False` na namba nzima ndogo kuanzia -5 hadi 256 hazihesabiwi tena. Zimeandikiwa namba maalumu inayomaanisha zisiguswe, na kila mtu anazitumia bila kuacha alama. Namba hizo ndogo zilikuwa tayari zinatengenezwa mara moja tu, programu inapoanza, na kutumiwa na wote.

Je, wajua kwamba vitu vingi hufa vichanga? David Ungar aliutumia ukweli huo mwaka 1984 katika lugha ya Smalltalk: kilichozaliwa sasa hivi kina nafasi kubwa ya kuwa taka muda mfupi ujao, na kilichoishi muda mrefu kuna uwezekano kitaendelea kuishi. Kwa hiyo mkague mchanga mara kwa mara na mkongwe mara chache. Ruby ilianza kugawa vizazi katika toleo la 2.1, Desemba 2013. Lua, iliyozaliwa chuo kikuu cha PUC-Rio nchini Brazili mwaka 1993, ilichukua kwanza njia tofauti: ilikata kazi ya mzoa taka vipande vidogo katika toleo la 5.1 la mwaka 2006. Kwa Lua hilo lilikuwa la lazima, maana lugha hiyo hutumika sana ndani ya michezo ya kompyuta. Mchezo unaochora picha 60 kwa sekunde una milisekunde 16 hivi kwa kila picha, na mzoa taka akichelewesha hata moja, mchezaji anaona picha ikikwama.

Je, wajua kwamba kitu kinaweza kufufuka? Python inakiruhusu kitu kiwe na funksheni ya kuagia, `__del__`, inayoitwa kinapokaribia kuondolewa. Ndani ya funksheni hiyo kitu kinaweza kujiandika kwenye orodha inayoonekana na programu nzima, na kwa kuwa sasa kinashikwa tena, kinarudi kuwa hai ndani ya programu kama vile hakijaaga. Tangu Python 3.4 kitafufuka, lakini `__del__` haitaitwa mara ya pili. Kabla ya toleo hilo, la mwaka 2014, hali ilikuwa mbaya zaidi kwa vitu vilivyo kwenye mzunguko: viwili vikishikana na kila kimoja kina la kuaga, Python haikujua imwanze nani, kwa hiyo iliviacha vyote viwili na kuviorodhesha kama taka zisizozoleka.

Sasa tuje kwenye kivinjari, ambako wengi wetu tunakutana na mambo haya bila kujua. Internet Explorer 6 ilikuwa na wazoa taka wawili wasiojuana. JavaScript yake ilitumia njia ya alama ya McCarthy, na vipande vya ukurasa, kama vitufe na visanduku vya kuandikia, vilitumia hesabu ya Collins. Kitufe kikishika funksheni ya JavaScript na funksheni hiyo ikikishika kitufe, mzunguko unapita kwenye maeneo yote mawili, na hakuna mzoa taka aliyeuona mzima. Kumbukumbu haikurudi hata ukihamia ukurasa mwingine. Ilibidi kivinjari kifungwe.

Vivinjari vya leo vimeliondoa tatizo hilo, lakini mzoa taka bado hajui nia ya mtu. Anajua kinachofikika na kisichofikika, basi. Mwaka 2005, katika mashindano ya magari yasiyo na dereva yaliyoandaliwa na DARPA kwenye jangwa la Marekani, gari la wanafunzi wa Princeton lilisimama mapema katika njia ya kilomita 212 hivi. Programu yake ilikuwa ya C#, ambayo si lugha ya skripti ila ina mzoa taka wa namna hiyohiyo. Kila kikwazo ambacho gari lilikuwa limekipita kilipaswa kusahauliwa. Kumbe kilikuwa bado kimejiandikisha kupokea taarifa za mwendo wa gari, na orodha ya waliojiandikisha ilikuwa ikikishika. Vikwazo vikarundikana hadi kompyuta ikazidiwa. Kosa hilohilo ndilo linalofanya ukurasa wa tovuti ulioachwa wazi tangu asubuhi uilemee simu yenye kumbukumbu ya GB 2 ifikapo jioni: funksheni zilizosajiliwa kusikiliza kubofya au kurudiwa kila sekunde, na hakuna aliyezifutia usajili.

La mwisho ndilo ninalotamani kila mwalimu wa programu alifundishe wiki ya kwanza. Je, wajua kwamba skripti ileile ya Python inaweza kufunga faili mara moja kwenye kompyuta moja na kuliacha wazi kwenye nyingine? Python ya kawaida inahesabu marejeo, kwa hiyo faili lisiloshikwa na mtu hufungwa papo hapo na maandishi yake hufika kwenye diski. PyPy, inayoendesha lugha hiyohiyo kwa kasi zaidi, haihesabu marejeo. Faili linabaki wazi mpaka mzoa taka apite, na maandishi uliyodhani yamehifadhiwa yanaweza kuwa bado yako kwenye kumbukumbu. JavaScript nayo, tangu toleo la mwaka 2021, ina njia ya kuomba kuarifiwa kitu kikifa, lakini kanuni za lugha hiyo haziahidi kwamba taarifa itafika. Kumbukumbu yenyewe ina mtu wa kuisafisha. Faili, kufuli na muunganisho wa hifadhidata havina uhakika huo.

Kwa hiyo ukiandika Python, fungua faili ndani ya `with`, iliyokuwapo tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006. Ukiandika Lua 5.4, tumia tamko la `<close>`. Na kwa PHP, Perl au JavaScript, funga mwenyewe pale unapomaliza kazi, hata kama programu inafanya vizuri leo bila hivyo. Usimwachie mzoa taka data ya watu.